Mtoto wa Kijivu Aliyetembea Kama Mimi

Nianze na ujinga wenyewe, usije ukanisoma ukidhani unamsoma mtu mwema. Nilipokuwa darasa la tatu nilichukua kikombe cha uji wa uwele, nikaumimina wote ndani ya kompyuta ya mjomba wangu ikiwa inawaka, kisha nikakiweka kile kikombe kitupu karibu na mkono wa bibi yangu, ambaye alikuwa amesinzia, na ambaye hata akiwa macho alikuwa haoni vizuri. Uji niliumwaga kwa woga. Kikombe nilikiweka kwa akili. Ni hicho kikombe kinachonisumbua mpaka leo.

Nisingeyaandika haya, ila wiki iliyopita mpishi wa shule yetu aliunguza uji. Harufu ilitambaa kutoka jikoni mpaka madarasani, wenzangu wakaanza kumsema mpishi kwa majina yasiyoandikika, na mimi nikajikuta nimesimama kwenye foleni nimelificha bakuli langu nyuma ya mgongo. Siku hiyohiyo mwalimu wa Kiswahili akatupa mada ya mdahalo: katuni zinazotengenezwa kwa kompyuta si sanaa ya kweli. Akanipanga upande wa kuunga mkono, kwa sababu mimi ndiye mropokaji wa darasa na anaamini naweza kutetea chochote, hata njaa. Nikamwambia, mwalimu, hiyo siwezi. Akauliza kwa nini. Nikasema naumwa tumbo. Ulikuwa uongo, lakini uongo wa jirani na ukweli, maana woga wangu wote huwa unakaa tumboni.

Basi turudi nyuma. Tulikuwa tunakaa Msalato, na kati ya nyumba yetu na shule kulikuwa na korongo. Mgeni akiliona kiangazi atacheka ukimwambia lina hatari. Ni mchanga mtupu. Tulikuwa tunachezea mpira humo, mbuzi wanapita, watu wanachimba mchanga wa kujengea. Halafu mvua inanyesha huko mbali milimani, kwenu jua linawaka kama kawaida, na ghafla maji yanakuja kwa mkupuo, mekundu, yamebeba magogo, mabati na mbuzi wa watu. Kila msimu wa mvua tulikuwa tunasikia habari ya mtoto fulani, wa mtaa fulani. Tulisikiliza, tukasikitika, kesho yake tukapita mlemle.

Baba alikuwa dereva wa malori, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Mama. Mama anapaka maharusi piko na hina. Ana kiti chake kwenye saluni moja ya Majengo, lakini wengine huwafuata nyumbani kwao. Ukimwona anavyofanya utanyamaza hata kama wewe ni mimi. Anashika mkono wa bibi harusi, anautazama kidogo kama anasoma barua, halafu anaanza ua la kwanza katikati ya kiganja bila kuchora mstari wa kumwongoza, na ua linakwenda mpaka kwenye kiwiko bila kupotea njia.

Mdogo wake, Mjomba Hamisi, alikuja kukaa kwetu alipomaliza chuo. Alikuja na begi moja la nguo na kompyuta ya mezani ambayo boksi lake halikuwa na ubavu mmoja. Waya na vyuma vilikuwa nje nje, kama mgonjwa aliyesahauliwa na daktari. Aliiweka sebuleni, akalitega feni la nyumba nzima lielekee humo ndani, na kuanzia siku hiyo sisi binadamu tukawa tunajipepea kwa khanga. Alikuwa anatengeneza katuni. Mama alikuwa anaita kazi ile "kubonyeza."

"Hamisi, nionyeshe mkono uliochora," alimwambia siku moja wakati tunakula. "Sioni wino. Sioni hata kidole kilichochafuka."

"Dada, kwani wewe ukipaka piko, ni piko ndiyo inayochora?"

"Mimi mkono wangu ukitetemeka, ukumbi mzima unaona. Wewe mashine ikitetemeka, unaita fundi. Huo si uchoraji, huo ni uangalizi."

Mjomba alicheka, lakini alikula kidogo siku hiyo. Mimi nilikuwa upande wa Mama, si kwa sababu ya hoja, ila kwa sababu ya feni.

Muda si mrefu Mjomba akapata kazi yake ya kwanza ya maana. Kulikuwa na watu waliokuwa wanazunguka mashuleni kuwaonya watoto juu ya makorongo, wakamwomba awatengenezee katuni fupi ya kuonyesha kabla mvua hazijaanza. Walimpa mpaka Ijumaa fulani. Alituambia habari hiyo amesimama, hakuweza kukaa. Akaanza kwa kuchora hadithi yote kwa penseli kwenye karatasi, akazibandika ukutani kwa selotepu, mstari baada ya mstari. Mama akasema angalau sasa ameonekana na penseli.

Wakati huohuo Bibi, mama yao wote wawili, akaletwa kutoka kijijini Busi kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho kila upande, na hospitali ilikuwa imempa siku ya kupasuliwa, wiki mbili mbele. Aliona mwanga, vivuli, na kitu kinachosogea, basi. Uso wa mtu kwake ulikuwa sawa na sahani. Lakini hakuwahi kumkosea mtu, kwa sababu alikuwa anawajua watu kwa mwendo. Alikaa kwenye mkeka sebuleni, upande ambao feni la Mjomba lilikuwa linavujisha upepo kidogo, akawa anatutangazia wageni kabla hawajabisha hodi. Jirani yetu mmoja Bibi alimpa jina la Anayeiogopa Ardhi, na ni kweli, yule mama alikuwa anakanyaga kama anayepita juu ya watu waliolala. Mimi aliniita mume wangu, kama bibi wanavyowatania wajukuu wa kiume, na alikuwa ananijua tangu niko nje kwenye ua. "Mume wangu kaja," anasema, "na kaptula yake."

Hiyo kaptula inahitaji maelezo. Mpira wake wa kiunoni ulikuwa umekufa. Mama alikuwa ananiahidi kila siku kwamba kesho atanishonea mwingine, na kila siku kulikuwa na harusi ya mtu. Kwa hiyo nilikuwa natembea nimeishika kwa mkono wa kushoto. Tena ndala yangu ya kulia ilikuwa imekatika kamba, nikaifunga na waya, na waya ukaifanya iburuze. Mwendo wangu ukawa hivi: shua, ta. Shua, ta. Mkono mmoja kiunoni kama bosi, mguu mmoja unafagia.

Jumapili moja Mjomba alinitazama nikitoka kuchota maji, akaacha chai yake. Akachora mstari mrefu wa majivu uani. Akanibandika vidonge vya unga uliokandwa kwenye magoti, viwiko na nyonga, akaifunga simu yake kwenye kiti inirekodi, akaniambia nitembee juu ya mstari. Nikatembea. Nirudi. Nikarudi. "Tembea kama umetumwa," akasema. Halafu: "Sasa tembea kama umetumwa na hutaki." Hiyo niliiweza mara moja. Nilipotaka kuifunga kaptula kwa kamba nipumzishe mkono, alinizuia kama nataka kuvunja yai. "Usiiguse hiyo, mjomba. Hiyo ndiyo kazi yenyewe." Kuku wakala vidonge vya unga, mimi nikalipwa soda, nikaona dunia ni nzuri.

Siku tatu baadaye nikatoka shule nikakuta Mjomba ameinama mbele ya kioo cha kompyuta. Ungemwona anavyofanya kazi usingeamini kwamba hiyo ndiyo Mama aliyoiita kubonyeza. Alikuwa anatazama simu, anasogeza goti moja kidogo sana, anatazama tena simu, anarudisha nusu ya alichosogeza. Alikuwa na karatasi pembeni yenye vijimistari, na macho yalikuwa mekundu. Akaniona, akasema, njoo ujione. Akabonyeza.

Kwenye kioo kulikuwa na mtoto. Hakuwa na uso, hakuwa na nywele wala nguo za rangi. Alikuwa wa kijivu mwili mzima kama sabuni ya kufulia iliyokauka. Na alikuwa anatembea. Mkono wa kushoto kiunoni. Mguu wa kulia ukifagia. Aliposimama kidogo kujivuta kaptula, mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ya kiti nilijivuta yangu wakati uleule, bila kutaka.

Nikajaribu kucheka. Ndipo Bibi, kwenye mkeka wake, akainua kichwa. Kioo kilikuwa kikubwa na chumba kilikuwa na giza la mapazia. Akakaza macho yake yenye ukungu kuelekea kwenye ule mwanga.

"Mume wangu," akasema, "mbona unakwenda huko? Rudi hapa."

Nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi yangu, hatua mbili, na bibi yangu asiyekosea watu alikuwa ananiita kwenye kioo.

Mjomba alipiga makofi. Alisema hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupata, akaondoka kwenda kumtafuta Mama amsimulie. Mimi nilibaki nimekauka. Nilijua kitu kimoja tu: Bibi alikuwa anawajua watu kwa mwendo, na mwendo wangu ulikuwa kule. Sasa niliyebaki huku ni nani?

Usicheke, mwenzangu. Ukicheka, kumbuka na wewe ulivyokuwa unaamini ukimeza mbegu ya chungwa mti utaota tumboni.

Kuanzia hapo nikaanza kuzisoma zile karatasi ukutani, ambazo kabla ya hapo sikuwa na haja nazo. Mtoto anatumwa na mama yake. Mama yake anamwambia pita darajani. Mtoto anapita korongoni, ni njia fupi. Kwa mbali juu ya milima kuna wingu. Mtoto yuko katikati ya mchanga, amesimama, anavuta kaptula. Nyuma yake kuna ukuta wa maji. Karatasi ya mwisho haikuwa na mtoto. Ilikuwa na mchanga uliolowa na ndala moja, ya mguu wa kulia, imefungwa kwa waya.

Ndala ile ilikuwa mguuni kwangu wakati ninaitazama.

Nikamwuliza Mjomba, kwa sauti ya mtu ambaye hana shida yoyote, kwani huyo mtoto hawezi kurudi nyumbani? Mjomba alikuwa anafunga kipande fulani cha kazi, hakugeuka. Akasema akirudi nyumbani hakuna mtoto atakayeogopa, na asiyeogopa kesho atapita korongoni. Nikauliza, sasa lini atafika pale kwenye maji? Akanionyesha mstari mwembamba chini ya kioo wenye namba pembeni. Kompyuta, akasema, ilikuwa inazipika picha moja moja, ishirini na nne kwa kila sekunde, nayo ilikuwa kuukuu, ingechukua siku kadhaa bila kuzimwa. Namba ikifika mia moja, imekwisha, hakuna cha kubadilisha tena. Ilikuwa kumi na mbili.

Kuna watu wanahesabu siku za kufunga shule. Mimi nilikuwa nahesabu asilimia. Asubuhi nikiamka, kabla ya kunawa uso, naenda kuchungulia: thelathini na moja. Nikirudi shule: arobaini. Nilikuwa siwezi kula vizuri. Mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema huna homa, acha maringo.

Nikapata wazo la kubadilisha mwendo. Kama yule kule anatembea kama mimi, basi mimi nitembee kama mwingine, tuachane. Nikavaa ndala ya kulia mguu wa kushoto. Nikashika kaptula kwa mkono wa kulia. Nikaenda shule nikiruka kama mbayuwayu, nikarudi kinyumenyume, mwalimu wa zamu akaniita na kuniuliza kama nina minyoo. Wenzangu walicheka siku mbili mfululizo, mimi nikacheka nao, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini kila nilipojisahau, na mtu hujisahau haraka, nilisikia chini yangu: shua, ta. Na nyumbani Bibi alikuwa ananiambia, "Mume wangu, unatembea kama umeazima miguu. Nani kakuudhi?"

Jumatano iliyofuata mawingu yakaanza kukaa juu ya milima. Kama kwenye karatasi.

Alhamisi nilirudi shule mchana, nikipitia njia ndefu ya darajani peke yangu. Mama alikuwa Majengo kwa bibi harusi. Mjomba alikuwa amekwenda msikitini kuswali adhuhuri. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake karibu kabisa na ile meza, amesinzia ameegemea ukuta, na pembeni yake kikombe cha uji ambacho alikuwa hajakigusa. Feni lilikuwa linavuma. Nikatazama namba. Tisini na moja.

Ningeweza kuondoka. Lakini juu ya ile namba kompyuta ilikuwa inaonyesha picha inayopikwa, na picha ilikuwa inashuka taratibu kutoka juu kwenda chini kama pazia linalofunguliwa vibaya. Kwanza mbingu. Halafu milima. Halafu kitu chekundu, kirefu, chenye povu juu yake, kikashuka, kikashuka, mpaka nikaona ni maji. Halafu kichwa cha mtoto, kwa nyuma. Sasa alikuwa na nywele. Sasa alikuwa na rangi, na rangi ilikuwa yangu. Halafu mkono wa kushoto, umeshika kiuno.

Sikungoja ifike kwenye miguu. Nikachukua kile kikombe nikakimimina ubavuni, pale pasipo na ubavu.

Kulikuwa na mlio kama wa vitumbua vikigusa mafuta. Kitu ndani kilikohoa mara mbili. Cheche moja ya buluu, kioo kikawa cheusi, swichi kubwa ya nyumba ikaanguka, na feni likaanza kupunguza mwendo mpaka likasimama. Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Na harufu: uwele ulioungua, vumbi la moto, na kitu kingine kama nywele. Nilikuwa nimepona. Sekunde mbili nilijiona nimepona. Ya tatu nikaanza kumwogopa Mjomba, nikatazama kikombe mkononi mwangu, nikatazama mkono wa Bibi uliolegea juu ya mkeka, na ile akili yangu mbaya, ambayo hata leo inanifanya nichekeshe darasa, ikaniambia la kufanya.

Nikajificha chooni. Nilimsikia Mjomba akirudi, nikasikia salamu yake ikikatikia mlangoni. Nilisubiri kelele. Hazikuja. Nilipotoka, baada ya muda mrefu kupita kiasi kwa mtu asiye na kosa, alikuwa amekaa sakafuni, miguu imenyooka kama mtoto, anaipangusa ile mashine kwa shati lake. Bibi alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Ni mimi, Hamisi," alikuwa anasema. "Nimepapasa, nimekigonga. Macho haya, mwanangu."

Mjomba akamwambia si kitu, mama yangu. Aliisema mara tatu. Hakumtazama.

Mama aliporudi jioni alikosa pa kushika. Huwezi kumgombeza mama yako mzazi. Aligombeza kikombe, akagombeza feni, akamgombeza Mjomba kwa kuacha mashine wazi. Fundi wa mtaa alikuja, akachungulia, akatikisa kichwa. Alisema labda diski ya ndani imepona, hana hakika. Mjomba akatoka nje kupiga simu kwa wale watu wa mashuleni, nikamwona kupitia dirishani, anazunguka palepale, mkono juu ya kichwa. Ndipo Bibi akasema, kwa upole kabisa kana kwamba anaomba chumvi, kwamba kesho apelekwe stendi arudi Busi. Nyumba ya vitu vya watu si ya kipofu. Hayo macho yamesubiri miaka, yatasubiri tena.

Mama akasema haiwezekani, siku ya upasuaji imeshapangwa, ukiikosa hujui utapewa lini. Bibi akaanza kukunja khanga zake.

Mvua ya kwanza ikaanza wakati huo. Ilipiga bati kwa nguvu mpaka watu wakaacha kuongea. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba cha Bibi na nilikuwa na woga aina mbili, mmoja wa korongo, mwingine wa hizo khanga. Wa khanga ulikuwa unakua haraka zaidi. Bibi hakugeuza kichwa.

"Mume wangu," akasema, "mbona unanyata? Na mchana ulinyata hivyohivyo."

Nilihisi masikio yanawaka. Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alisema ni yeye.

"Mimi ni mzee. Nani atanichapa?" Akapapasa kitanda, nikakaa. "Sasa niambie mimi kwanza. Kwa nini?"

Nikamwambia yote. Kioo, jinsi alivyoniita, karatasi, ndala, namba. Nililia kwa namna ambayo sitaieleza hapa kwa sababu kuna wasichana wa darasa letu wanaweza kusoma. Bibi hakucheka hata mahali pa kuchekesha. Alinishika goti, akalibonyezabonyeza kama anayechagua nyanya. Akasema goti hili nalijua, na liko hapa. Kisha akasema niende nikamwambie mama yangu maneno hayohayo, na niende kwa mwendo wangu, siyo ule wa kuazima.

Mama alikuwa jikoni na mwiko. Nilisimama mlangoni nimeshika kaptula, nikasema. Alianza kunipiga kabla sijafika kwenye sababu. Tusidanganyane, nilipigwa, na mwiko ulikuwa bado na ugali. Kati ya pigo na pigo alikuwa anauliza kama najua kwamba ule umeme ungeniua palepale, na kwamba angerudi kutoka kazini akute nini. Sauti yake ilikuwa inapanda kwa namna isiyo ya hasira. Halafu nikasema, "Yule mtoto anayekufa ni mimi," na mwiko ukabaki juu.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu, amelowa mvua. Hatukumsikia. Nilidhani sasa ndiyo zamu yake. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, maji yanamdondoka kidevuni.

"Uliogopa lini hasa?" akauliza. "Ulipoona maji, au ulipoona ndala?"

"Ndala," nikasema.

"Kabla ya ndala hukuogopa?"

"Niliogopa Bibi aliponiita."

Akajipangusa maji usoni. Alikuwa na sura ambayo sikuielewa kwa miaka kadhaa, ya mtu aliyeibiwa na kupewa zawadi na mwizi yuleyule. Mama alimtazama, akanitazama mimi, akauweka mwiko chini taratibu. Hakusema lolote kuhusu kubonyeza. Bibi alifungua mzigo wake usiku uleule, na kwa kuwa hakuna aliyemwomba radhi kwa sauti, Mama alimpikia uji mwingine.

Jumamosi tulikwenda Majengo. Rafiki wa Mjomba alikuwa na duka la steshenari, pale watu wanapotoa kopi za vyeti, naye alikuwa amekubali ile diski ichomekwe kwenye kompyuta yake. Wale watu wa mashuleni walikuwa wameongeza wiki moja kwa kunung'unika. Kama kazi ilikuwa imo, Mjomba angeweza kuipika upya pale dukani. Kama haimo, basi. Mama alitoka saluni kati ya harusi mbili, vidole vyake vyeusi kwa piko, akasema ana dakika kumi. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika kaptula yangu, maana ile kesho ya kushonewa ilikuwa bado haijafika.

Diski ililia kidogo, ikakubali. Mjomba alitafuta, akapata, akafumba macho kidogo, akabonyeza.

Haikuwa ile yenye rangi. Ilikuwa ya kijivu, bila sauti, na nyuma yetu mashine ya kopi ilikuwa inavuma. Mtoto asiye na uso akatoka mlangoni kwao. Akatembea. Nilimtazama Mama badala ya kioo, nilikuwa siwezi kutazama kioo. Mwanzoni alikuwa na ile sura yake ya kumkagua bibi harusi wa mpakaji mwingine. Kisha mtoto, nadhani, akajivuta kaptula, kwa sababu Mama alitoa sauti ndogo puani, karibu kicheko. Kisha akaacha. Mkono wake ukaja upande wangu bila yeye kugeuka, ukapapasa hewani, ukapata shati langu, ukalikamata pale begani. Ulikuwa unatetemeka. Mkono ule ambao haujawahi kupoteza ua njiani ulikuwa unatetemeka, na alama nyeusi za vidole vitano zilibaki kwenye shati lile mpaka lilipokuwa dekio.

Mtoto alikuwa ameingia kwenye mchanga. Mjomba akasimamisha picha. Aliuliza bila kumtazama, kwa sauti ya kijana anayesubiri matokeo ya mtihani, kama dada bado anasema hiyo si sanaa.

Mama hakuondoa macho kwenye kioo.

"Hamisi," akasema, "mshonee mpira huyo mtoto kabla hujamfikisha kwenye maji. Atakimbiaje na mkono mmoja?"